Sura ya Sita: Kiumbe Hai Ndani ya Kidonge Kikavu

Mtu akimaliza dozi ya antibiotiki huku tumbo bado linamsokota, siku hizi si ajabu kuambiwa famasi: "Chukua na hivi vya probiotiki, vina bakteria wazuri." Anavigeuza mkononi. Ni vidonge kama vidonge vingine, vikavu, vimefungiwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Maswali mawili humjia papo hapo. La kwanza: si bakteria hao hao nimetoka kuwaua kwa dozi ya siku saba? La pili ndilo zito: kiumbe hai anaishije mwaka mzima ndani ya kidonge, bila maji wala chakula?

Swali la kwanza tutalimaliza upesi. La pili litatuchukua sura nzima, maana jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini vidonge hivi ni ghali na kwa nini vingine vimeshakufa kabla hujavinunua. Linaeleza pia kwa nini mkazi wa Mzumbe, pale chini ya milima ya Uluguru, huenda havihitaji, au anavihitaji kwa sababu tofauti na aliyoambiwa.

Bakteria gani hawa?

Utumbo wa binadamu una bakteria kwa matrilioni. Wengi hawana neno na sisi. Wengine wanatusaidia: wanamalizia kumeng'enya mabaki ya chakula, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na wanawabania nafasi wakorofi wasiweke makazi. Antibiotiki haichagui. Ikiingia kuwaua wakorofi, inafyeka na wenyeji, na ndiyo maana dawa ya kutibu kifua huweza kumwachia mtu kuhara.

Probiotiki ni vijidudu hai vinavyoliwa kwa makusudi ili vilete faida mwilini. Mwaka 2001 wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani walikutana mjini Córdoba, Argentina, wakaweka maana ambayo bado inatumika. Ndani yake mna masharti matatu:

1. Vijidudu viwe hai wakati vinapoliwa.
2. Viwe vingi vya kutosha.
3. Faida yake kwa afya iwe imethibitishwa.

Sharti la tatu lina mtego. Jina kamili la bakteria lina sehemu tatu. Chukua *Lactobacillus rhamnosus* GG: neno la kwanza ni ukoo, la pili ni aina, na herufi za mwisho ni nasaba, yaani mstari mmoja mahususi wa uzao ndani ya aina hiyo. Nasaba ya GG ilitengwa mwaka 1983 na watafiti wawili wa Marekani, Sherwood Gorbach na Barry Goldin, na herufi hizo zimetoka kwenye majina yao. Nasaba nyingine ya *rhamnosus* inaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kwa hiyo kidonge kinachosema "kina Lactobacillus" na kunyamaza hapo hakijakuambia jambo la maana.

Togwa imetangulia

Kabla ya kwenda kiwandani, tupite jikoni. Katika nyumba nyingi za Morogoro togwa huanza na uji wa mahindi, mtama au ulezi. Uji ukiiva huepuliwa, ukaachwa upoe mpaka mpishi aweze kuchovya kidole bila kuungua. Hapo hutiwa kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Wapo wanaoongeza kikombe cha togwa ya jana. Ndoo inafunikwa.

Kitu cha kwanza kuonekana ni kwamba uji uliokuwa mzito unalegea. Kimea kina vimeng'enya, yaani kemikali zinazokata wanga na kuufanya sukari. Ndiyo maana togwa changa ni tamu hata kama haikutiwa sukari. Kisha bakteria waliokuja na kimea na togwa ya jana wanaila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Kesho yake utamu umepungua na uchachu umeshika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wakishirikiana na wenzao wa Norway, waliichunguza togwa hiyo kwa darubini na vipimo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta jamii kadhaa za bakteria wa asidi ya laktiki, akiwemo *Lactobacillus plantarum*, pamoja na hamira za asili. Ndani ya saa 24 uchachu ulivuka kiwango ambacho bakteria wengi wa kuharisha hawakimudu. Togwa iliyoiva vizuri huwa na bakteria hai mamia ya mamilioni katika kila mililita.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusu watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano. Kundi moja lilipewa uji uliochachushwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na jingine uji wa kawaida. Wale wa uji mchachu walipungua miongoni mwa waliokutwa na bakteria wa magonjwa kwenye choo.

Kwenye maziwa hadithi ni ile ile. Wamaasai, ambao ng'ombe wao unawakuta kuanzia Kajiado hadi nyanda za Mvomero, hugandisha maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mti. Mwaka 2004 watafiti kutoka Kenya na Ujerumani walichapisha uchunguzi wa maziwa hayo, yanayoitwa *kule naoto*, wakamkuta *plantarum* yuleyule akiwa ametawala. Huku juu Mgeta, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa miaka ya 1980 wamewapa wakulima wa mlimani maziwa ambayo nayo hugandishwa mtindi.

Sasa piga hesabu. Kidonge cha kawaida cha probiotiki hudai kuwa na bakteria kati ya bilioni 1 na bilioni 10. Kikombe cha togwa iliyoiva, kwa idadi tu, kinakifikia na mara nyingi kinakipita.

Kwa nini basi kuhangaika na kidonge?

Kwa sababu togwa ina mipaka yake. Haitulii: kesho ni chachu kuliko leo, keshokutwa hainyweki. Bakteria wake hubadilika kutoka ndoo hadi ndoo, kwa hiyo huwezi kusema mgonjwa amekunywa nasaba gani, na ngapi. Ikikorogwa kwa maji machafu baada ya kuiva, inaweza kubeba ugonjwa badala ya kuuzuia. Na yapo matumbo ambayo hayapewi togwa kabisa.

Mfano mzito zaidi umetoka jimbo la Odisha, India. Vichanga 4,556 wa vijijini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa siku saba nasaba mahususi ya *plantarum* pamoja na aina ya sukari inayowalisha bakteria hao. Jingine likapewa unga usio na kitu. Katika kundi lisilopewa, watoto asilimia 9 walipata maambukizi makali ya mwili mzima au kufariki katika miezi miwili ya mwanzo. Katika kundi lililopewa, asilimia 5.4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kazi ya namna hiyo inataka bakteria anayejulikana kwa jina lake kamili, aliyehesabiwa, aliye katika hali kavu inayoweza kufika kijijini bila kufa njiani.

> Kwa kifupi: Bakteria rafiki si bidhaa ngeni kwetu. Kidonge kinaongeza mambo matatu ambayo ndoo ya togwa haina: nasaba inayojulikana, idadi inayopimika, na uwezo wa kusafiri na kukaa.

Tatizo ni kwamba karibu kila hatua inayougeuza unga kuwa kidonge inaua. Tuzifuate moja moja.

Hatari ya kwanza: kukauka

Punje ya mahindi ya mbegu hukaa ghalani tangu mavuno hadi mvua za kwanza. Haili, haioti. Ukiipanda inachipua. Mtengenezaji wa kidonge anataka bakteria afikishwe kwenye usingizi kama huo. Shida ni kwamba punje imeumbwa kwa kazi hiyo, bakteria wa mtindi hakuumbwa hivyo. Ndani yake kuna maji kwa sehemu kubwa, na utando unaomzunguka unashikiliwa umbo lake na maji hayo hayo. Ukimwanika juani, utando unajikunja na kupasuka.

Njia inayotumika zaidi ni kukausha kwa kugandisha. Bakteria huoteshwa kwenye matangi, wakachujwa hadi kubaki rojo zito, kisha rojo linagandishwa haraka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi. Halafu hewa inanyonywa yote ndani ya chumba cha mashine. Katika hali hiyo barafu haiyeyuki kuwa maji. Inatoka moja kwa moja kama mvuke. Kinachobaki ni kitu chepesi chenye matundu matundu, ambacho maji yake yamebaki asilimia chache tu.

Hata hivyo, bila kinga wengi wangekufa. Kinga yenyewe ni ya kawaida kuliko mtu anavyodhani: sukari na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Molekuli za sukari hujipenyeza pale ambapo maji yalikuwa yameshikilia utando, zikaushikilia badala yake. Zikikauka kabisa huwa ngumu na kumfungia bakteria mahali alipo, asiweze kujongea wala kuharibika. Inayosifika zaidi ni trehalosi, sukari inayopatikana kwenye uyoga na hamira.

Kama bado huamini kwamba bakteria aliyekaushwa anaweza kuamka, tazama bega lako. Chanjo ya BCG, anayopewa mtoto Tanzania mara tu anapozaliwa ili kumkinga na kifua kikuu kikali, ni bakteria hai waliopunguzwa makali na kukaushwa kwa njia hii hii. Muuguzi huchukua kichupa chenye unga mkavu, akautia maji yake maalumu, akachanja. Kuanzia dakika ile unga ulipolowa, saa zinahesabiwa: ikipita saa sita, kilichobaki kinatupwa. Ukavu ndio uliokuwa umemlinda bakteria. Akishalowa nje ya mwili, muda wake unaanza kuyoyoma.

Hatari ya pili: mashine

Unga mkavu tunao. Sasa uwe kidonge.

Vidonge vingi vya kawaida huanza kwa kulowesha. Unga wa dawa hukandwa na maji na gundi ya wanga, ukafanywa chenga, chenga zikakaushwa kwa hewa ya moto, ndipo zikaingia mashineni. Kwa bakteria njia hii ni maangamizi: kumlowesha ni kumwamsha, na kumkausha kwa moto ni kumuua. Inabidi unga uingie mashineni ukiwa mkavu ulivyo.

Hapo linakuja suala la vichanganyio. Katika kidonge, dawa yenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo. Kinachobaki ni unga wa kujazia. Wanga wa mahindi unaouona mkavu kabisa una maji yapatayo asilimia 10 au zaidi. Ukiuchanganya na bakteria aliyekaushwa hadi asilimia chache, maji yanahama kutoka kwenye wanga kwenda kwa bakteria, kimya kimya, ndani ya kidonge kilichofungwa vizuri. Mtengenezaji mzembe ameweka sumu bila kujua. Kwa hiyo vichanganyio navyo hukaushwa mpaka mwisho, na chumba cha kazi hupunguzwa unyevu wa hewa.

Kisha shindo lenyewe. Mashine hugandamiza unga kati ya nyundo mbili za chuma, na nguvu ya tani moja kwa kila sentimita mraba ni ya kawaida. Chembe zinasagana, joto linapanda kwa kitambo, na kuta za bakteria zinapasuka. Ukipunguza nguvu, kidonge kinamumunyuka mfukoni. Ukiongeza, kinakuwa kigumu na kizuri machoni, lakini ndani ni makaburi. Ufundi wote uko katikati:

- kuchagua vichanganyio laini vinavyobonyea kabla bakteria hajabonyea;
- kugandamiza polepole na kwa nguvu ndogo kadiri inavyowezekana;
- kukifanya kidonge kiwe kikubwa kidogo, ili kishikamane bila shindo kali;
- kutia bakteria wengi kuliko walioandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa wengine watakufa tu.

Hilo la mwisho si udanganyifu. Mtengenezaji mwaminifu anayeahidi bilioni 5 siku ya mwisho wa matumizi huanza na zaidi ya hapo siku ya kutengeneza.

Hatari ya tatu: kabati

Kidonge kimetoka salama. Sasa kinasafiri kwenye kontena hadi Bandari ya Dar es Salaam, kwenye gari hadi Morogoro, na hatimaye kinakaa rafu ya juu ya duka la dawa lenye paa la bati, mwezi wa Januari.

Adui hapa ni wawili, na wanafanya kazi pamoja. Joto huharakisha kuchakaa kwa bakteria aliyelala. Unyevu hulainisha ile sukari iliyomfungia, naye akaanza kuamka nusu nusu mahali pasipo na chakula. Kila kimoja peke yake kinavumilika kwa muda. Vikikutana, kama wakati wa masika ambapo ukungu unashuka kutoka Uluguru na chumvi inalowa mezani, idadi ya walio hai inaweza kuporomoka ndani ya wiki chache. Bidhaa iliyojaribiwa kwa nyuzi 25 tu haijasema lolote kuhusu maisha yake kwetu. Dawa za nchi za joto hupimwa kwa miezi katika nyuzi 30, na unyevu wa hewa wa asilimia 65 au 75.

Kwa hiyo kifungashio ni sehemu ya dawa. Kidonge kilichofungiwa kimoja kimoja kwenye aluminiamu pande zote mbili kina nafasi nzuri. Kopo la plastiki lenye vidonge 60, linalofunguliwa kila asubuhi bafuni, linaingiza mvuke mara 60. Ule mfuko mdogo wa chembe za kunyonya unyevu unaoukuta humo usitupwe.

Hatari ya nne: tumbo lako mwenyewe

Mwishowe kinamezwa. Tumbo tupu lina asidi kali sana, iliyowekwa hapo kwa kazi moja kubwa: kuua vijidudu vinavyokuja na chakula. Haimjui rafiki wala adui. Baada ya asidi ipo nyongo, inayoyeyusha mafuta, na utando wa bakteria una mafuta.

Njia ya kwanza ya kumvusha ni kukipaka kidonge utando usioyeyuka kwenye asidi, unaosubiri mpaka uchachu upungue kwenye utumbo mwembamba. Dawa nyingi zimefanywa hivyo. Kwa probiotiki kuna kikwazo: upakaji wa kawaida hunyunyiza kimiminika na kukikausha kwa hewa ya moto, na tumeshaona maji na moto vinafanya nini. Ndiyo maana watafiti wamejaribu upakaji mkavu. Bakteria hugandamizwa kwanza kwa nguvu ndogo wakawa kiini, kisha kiini kinazungushiwa unga mwingine na kugandamizwa tena. Unga mmoja uliofanya vizuri katika majaribio ni alginati, inayotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ikiguswa na asidi huvimba na kuwa ute mzito unaoichelewesha kupenya.

Wazanzibari wanaolima mwani tangu mwaka 1989 wataisikia habari hii kwa masikio mawili. Mwani wao, spinosamu na kotonii, ni wa jamii nyekundu na hautoi alginati. Hutoa karajinani, nayo ni ute unaotumika kwenye vyakula na kwenye maganda ya kapsuli yasiyotumia mifugo. Sehemu kubwa ya mwani huo husafirishwa ukiwa mkavu tu, na thamani yake huongezwa ughaibuni.

Njia ya pili haigharimu kitu: kumeza kidonge pamoja na chakula. Chakula hupunguza ukali wa asidi. Majaribio ya maabara yaliyoiga tumbo la mtu yalionyesha kwamba bakteria walinusurika vizuri zaidi walipoingia na chakula chenye mafuta kidogo, kama uji wa maziwa, kuliko nusu saa baada ya kula.

> Kwa kifupi: Bakteria anavuka mito minne: kukaushwa, kugandamizwa, kuhifadhiwa na tumbo. Katika mitatu ya kwanza, suala kubwa ni maji: yatolewe vizuri, yasirudi kabla ya wakati.

Wanaojiweza wenyewe

Wapo vijidudu wasiohitaji kubembelezwa hivyo. Bakteria wa ukoo wa *Bacillus* wakiona hali imeharibika hujifungia ndani ya gamba gumu liitwalo spora. Wakiwa humo huvumilia joto, ukavu, shindo la mashine na asidi ya tumbo, wakachipua wakifika utumboni. *Bacillus coagulans* na *Bacillus clausii* huuzwa kwa sababu hiyo.

Yupo pia hamira aitwaye *Saccharomyces boulardii*. Mwaka 1923 Mfaransa Henri Boulard, akiwa Indochina wakati wa kipindupindu, aliwaona watu wakinywa maji ya maganda ya matunda ya kwao kuzuia kuhara, akamtenga hamira huyo humo. Kwa kuwa si bakteria, antibiotiki haimgusi, na mgonjwa anaweza kumtumia akiwa bado kwenye dozi.

Lakini urahisi wa kutengeneza si ushahidi wa kuponya. Kiwanda hupenda spora kwa sababu hazifi. Mgonjwa anapaswa kuuliza zimethibitishwa kutibu nini.

Njia ya Mwanza: kukiruka kidonge

Afrika Mashariki tayari ina jibu lake, na halipitii kwenye mashine ya vidonge. Mwaka 2004, katika mtaa wa Mabatini jijini Mwanza, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza kutengeneza mtindi uitwao Fiti. Walisaidiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, shirika la Kivulini, na mradi wa Western Heads East wa chuo kikuu cha Western, Kanada. Ndani ya mtindi huo kulikuwa na nasaba inayojulikana, *Lactobacillus rhamnosus* GR-1. Miongoni mwa walengwa walikuwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Baadaye wakfu wa Kiholanzi wa Yoba for Life, ulioanzishwa mwaka 2009 na Wilbert Sybesma na Remco Kort, ulifuata njia inayofanana nchini Uganda na kwa majirani. Hati miliki ya nasaba ya GG ilikuwa imeisha, kwa hiyo waliweza kuitumia nasaba hiyo hiyo kwa jina jingine na kuisambaza ikiwa imekaushwa, ndani ya pakiti ndogo. Gramu moja inatosha kugandisha maziwa hadi lita 100.

Tazama kilichofanyika. Bakteria anakaushwa, basi. Shindo la mashine limeepukwa, utando hauhitajiki. Hata wakifa wengi njiani si msiba, kwa kuwa wachache waliobaki wanazaliana upya kwenye maziwa ya mwanakijiji, yaliyochemshwa na kupoozwa hadi nyuzi 45 hivi, na kufikia mamilioni kwa mamilioni kabla ya kuliwa. Kisha maziwa yenyewe huwakinga na asidi ya tumbo.

Kuna siri moja ndani ya pakiti. *Rhamnosus* GG hawezi kuila sukari ya maziwa. Ukimtia peke yake kwenye maziwa, yatakaa bila kuganda vizuri. Ndiyo maana hufuatana na mwenzake, *Streptococcus thermophilus*, anayeivunja sukari hiyo wakala wote wawili. Hapo pia ndipo linapoanguka lile jaribio la nyumbani la kuponda kidonge kwenye maziwa ya uvuguvugu ili kuona kama bakteria wako hai. Maziwa yakikataa kuganda, huenda bakteria wamekufa, au wako hai ila hawali sukari ya maziwa.

Je, vinatibu?

Baadhi ya nasaba, kwa baadhi ya matatizo. Ushahidi ni mzuri kiasi kwa kuzuia kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Kwa mtoto ambaye tayari anaharisha, mambo yamebadilika. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio mawili makubwa, moja la watoto 971 nchini Marekani na jingine la watoto 886 nchini Kanada. La kwanza lilitumia nasaba maarufu ya GG. Yote mawili hayakuonyesha nafuu yoyote kupita kidonge kisicho na dawa.

Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, vitu vinavyopatikana zahanati kwa bei ndogo. Asicheleweshwe kwa sababu ya probiotiki. Na watoto njiti, wagonjwa mahututi, na watu ambao kinga yao imeshuka sana wasipewe bakteria hai bila daktari.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Uliza haya kabla hujatoa hela:

- Nasaba imeandikwa? Jina la maneno mawili halitoshi. Zitafute herufi au namba za mwisho. Usishtuke ukiona *Lacticaseibacillus* mahali pa *Lactobacillus*. Mwaka 2020 ukoo huo uligawanywa na majina mengi yakabadilika.
- Idadi ni ya lini? "Wakati wa kutengenezwa" ni ahadi nyepesi. Inayofaa ni idadi ya siku ya mwisho wa matumizi.
- Kihifadhiwe wapi? Kama pakiti inasema kwenye friji na wewe unakichukua rafuni, kiache.
- Kimefungwaje? Chagua kilichofungiwa kimoja kimoja.
- Kimesajiliwa? Dawa huangaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vyakula, tangu mwaka 2019, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.
- Kwa tatizo gani? Jibu likiwa "kwa kila kitu", hifadhi hela yako.

Mtu mzima mwenye afya wa Mzumbe, anayetaka tu tumbo lake liwe sawa, hana sababu ya kulipia usafiri wa baharini wa bakteria. Mtindi na togwa, vikiandaliwa kwa usafi, vinampa wengi zaidi, wakiwa wamelowa na wachangamfu, pamoja na protini na nguvu ya chakula ambayo kidonge hakina. Kidonge kinastahili bei yake pale tu nasaba fulani imethibitishwa kwa tatizo fulani, na mgonjwa hawezi kuipata kwa njia nyingine. Hapo ndipo kwetu penye kazi. SUA wanawajua bakteria wa togwa kwa majina, na vyuo vyetu vya famasia vinafundisha kutengeneza vidonge. Hatua inayokosekana ni kuchukua nasaba moja ya nyumbani, kuijaribu kwa wagonjwa wa nyumbani, na kuikausha kwa kinga itakayovumilia nyuzi 30 na masika ya Morogoro. Ikipita hapo, kuigandamiza itakuwa kazi ndogo.